Jina Linalopimwa kwa Shavu

Mheshimiwa mgeni rasmi. Wazee wangu wa ukoo. Ndugu wageni waalikwa. Mafundi mliokuja na vumbi la mbao kwenye nywele. Na ninyi binamu zangu wa meza ya mbele, ambao leo mmewahi kuliko wapishi: nawasalimu kwa heshima zote.

Tumekuja kumuaga Mzee Taratibu, aliyeisimamia karakana yetu ya useremala tangu baba yangu alipofariki. Yeye anastaafu leo; mgongo wake, maskini, ulistaafu mwaka jana. Lakini nani hapa asiyejua kwamba kuna jambo jingine ukumbini? Wiki nzima simu yangu haikupoa. "Dada, tafadhali, karakana apewe Msasa halisi, si binti wa yule mzee." Haya. Tumzungumzie basi huyo Msasa halisi.

Jina letu limejaa mji mzima. Juzi nilikuwa hospitali, nesi akatoka akaita, "Msasa!" Nusu ya benchi ikasimama. Nesi akashika kiuno: "Jamani, ninyi mmetengenezwa kiwandani?" Alikuwapo dereva wa lori, muuza dawa, mama mmoja na mapacha wake, na mimi, hakuna aliyemjua mwenzake. Je, sote ni damu moja? Hata kidogo!

Babu yangu alifika mjini akiwa na jina lingine kabisa. Alijifunza kazi kwa seremala mmoja aliyeitwa Msasa kwa utani, kwa kuwa hakuruhusu hata kigoda kitoke mlangoni kabla ya kupigwa msasa kikalainika. Fundi huyo hakupima kazi kwa kiganja, maana kiganja cha seremala kimejaa sugu na hakihisi kitu. Aliinama, akalipitisha shavu lake juu ya ubao. Ubao ukimkwaruza, unarudia kazi. Usipomkwaruza, anainuka na kusema, "Nenda kafungue kwako. Sasa wewe ni Msasa." Babu aliurudia mlango wake wa kwanza mpaka akalia. Alipofaulu, akawaandikisha watoto wake kwa jina hilo; wanafunzi wake nao wakafanya vivyo hivyo, na wanafunzi wa wanafunzi wao. Ndiyo maana benchi lile lilisimama.

Sasa, binamu zangu, damu mnayoidai ni ipi? Yule fundi wa kwanza hata shemeji yetu hakuwa!

Mzee Taratibu alipewa jina la Msasa na baba yangu mimi nikishuhudia, nikiwa bado na sare ya shule. Baba aliinuka kutoka kwenye kabati alilokuwa akilipima, shavu jeupe kwa vumbi, akamkumbatia. Nilimwonea wivu, na wivu huo ninao mpaka leo. Na binti yake je? Mheshimiwa mgeni rasmi, meza uliyoiegemea ni kazi ya mikono yake. Inama kidogo, mheshimiwa, usione haya, weka shavu. Mnamwona? Anatabasamu! Mpigieni makofi, si kila kiongozi anakubali kuinama.

Niseme lililonileta. Mimi ni mtoto wa damu, hati ya karakana ina jina langu, na tangu nizaliwe sijapigilia msumari ukaingia wima. Humu ndani mwenye jina la bure ni mimi. Wenzangu wamelitolea jasho. Mimi nimelikuta kitandani. Basi, kama mwenye mali, natamka: kuanzia kesho asubuhi msimamizi wa karakana ni binti wa Mzee Taratibu. Binamu anayenung'unika aje, randa zipo, mbao zipo, na mwalimu wake atakuwa huyo huyo.

Mzee wangu, umetutunzia jina ambalo wengine wetu tulikuwa tunalivaa tu. Nakushukuru kwa moyo wangu wote.

Simama, mwanangu, watu wakuone. Hapana, usimtazame baba, yeye ameshastaafu. Watazame hawa, ndio wanaokusubiri. Nami nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.