Masharubu na Shore wa Kware

ONDIEK: Haloo, haloo! Bwire, wanipata?

BWIRE: Nakupata nusu nusu. Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

ONDIEK: Ni Ondiek, wa Buruburu. Simu ni ya Mama Akech.

BWIRE: Aa, Baba Akech! Niaje, omera, rafiki yangu? Masharubu yameamkaje?

ONDIEK: Yameamka vizuri, na yatabaki. Nimeona ndege aina tisini na tisa. Nikifika mia leo—

BWIRE: Na usipofika, unanyoa. Tulikubaliana Krismasi, leo ndiyo mwisho. Mama Akech ameiombea siku hii tangu uajiriwe reli ukaanza kuyafuga.

ONDIEK: Basi nimefika! Yule ndege shore wa mtaani kwako Kware si shore wa kwangu huku. Ni aina nyingine kabisa.

BWIRE: Wacha hizo! Kichwa cheusi, makalio ya manjano, wote wawili—

ONDIEK: Sikiza kwanza! Wako kazaliwa ghorofa ya saba. Anaimba kwa sauti ya juu, mbio mbio, ashinde spika za jirani. Juzi nimemsikia kwa masikio yangu akiita abiria.

BWIRE: Ndivyo ulivyotuambia twiga alisimamisha treni kwa bendera nyekundu.

ONDIEK: Alikuwa nayo! Sasa, kuna kipimo. Wataalamu humchezea ndege mmoja wimbo wa mwingine. Akija kujibu, wanatambuana: aina moja. Asipojali, ni aina mbili. Wako yuko?

BWIRE: Huyu hapa kwa kamba ya nguo.

ONDIEK: Weka simu kwa spika. Wangu yuko dirishani, karibu aanze... Haya, ameanza!

[mluzi, mtandao unakwaruza]

BWIRE: Huyo ndege wako ana homa?

ONDIEK: Ni mtandao! Wako amenyamaza, sivyo? Mia moja! Andika—

BWIRE: Ngoja... amegeuza kichwa... Uuwi! Amerukia simu!

ONDIEK: Hapana.

BWIRE: Anaidonoa! Sikia anavyojibu! Aina moja, mzee, tafuta wembe!

ONDIEK: Bwire. Hicho kipimo hakihesabiki.

BWIRE: Kwa nini? Na nani huyo anacheka hapo nyuma?

ONDIEK: Mama Akech. Shore wangu... aliondoka asubuhi. Nimepiga mluzi mimi.

BWIRE: Wewe?

ONDIEK: Mimi. Vibaya, makusudi, ili wako asijibu. Kwa hivyo hakuna ndege aliyeimba huku, na mia yangu bado imesimama. Masharubu yamepona.

BWIRE: Yamepona wapi? Kipimo umeleta wewe. Mmoja ameimba, mwingine amekuja kujibu. Wametambuana.

ONDIEK: Bwire, ndugu yangu—

BWIRE: Basi wewe na huyu wa kamba ya nguo ni aina moja.

ONDIEK: Salio linaisha! Mama Akech, hayo maji ya moto ni ya nini? Bwire, tutaonana kanisa—

BWIRE: Na shore hana masharubu, omera! Nyoa—

[simu imekatika]