Bi Ziada na Mlango wa Popo

Tarehe 30 Juni 2001, Bi Ziada Ngolo, mwangalizi wa Makumbusho ya Popo hapa Kambi Namba Tatu, Kilosa, atakabidhi funguo na kustaafu. Ofisi imenipa karatasi inayosema ametumikia miaka minane. Hesabu hiyo siikubali. Aliingia katika majengo haya mwaka 1972, yakiwa bado ya shamba la mkonge, akapangwa kwenye mashine ya brashi ya kusafisha nyuzi: miaka kumi na minne. Shamba lilipofungwa mwaka 1986 mabosi waliondoka, yeye akabaki saba mingine, akilima mahindi kando ya kuta na kufukuza wezi wa mabati. Ongeza minane ya makumbusho. Ni ishirini na tisa. Bila ile saba ya katikati, mradi wa makumbusho ungekuta msingi na magugu.

Ni katika miaka hiyo saba popo walihamia jengo la korona, ule mtambo wa kuchakata mkonge. Wengine tuliona uchafu. Bi Ziada aliona wapangaji.

Mradi ulipofika mwaka 1993, banda la brashi tuliligeuza ukumbi wa maonyesho, na jengo la korona tukawaachia wenyewe. Ukuta wa katikati, wenye kioo cha kuchungulia, niliujenga mimi, niliyejifunza uashi kwa kubeba zege. Juu, chini ya mgongo wa paa, tuliacha upenyo mrefu wa kutokea popo. Bi Ziada alinisimamia kama mama mkwe. “Fundi, hiyo saruji au umebandika ugali?” Nilibomoa mara mbili. Ukuta huo hauna ufa mpaka leo. Wageni walioziba pua aliwaambia, “Popo naye anakuvumilia wewe.” Na wakulima wa bustani wa Msowero, waliokuwa wakituita wachawi, ndio hao sasa wanapanga foleni ya kinyesi cha popo kwa mbolea.

Lakini yote hayo yangeishia mwaka 1997, shamba lilipouzwa. Mnunuzi alitaka jengo la korona liwe ghala la mahindi. Akamtuma msimamizi wake, Bwana Anselmi, na vibarua sita na matairi ya kuchoma, wawafukize popo watoke.

Bwana Anselmi ni Mluguru wa Mgeta. Baba yake Bi Ziada alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge. Ni watani. Bi Ziada alitandika mkeka mlangoni, akajilaza, akajifunika khanga gubigubi, kama watani wanavyolala kaburini msibani wakidai chao.

“We Mnyamwezi, toka mlangoni!”

“Nimeshakufa, Mluguru. Nizike kwanza, na sanda utoe wewe.”

“Inuka basi, nina bosi mimi.”

“Naye aje na ubani.”

Vibarua walicheka mpaka wakakalia matairi yao. Msimamizi naye, kumruka mtani hawezi, kumkasirikia hawezi. Jioni Bwana Anselmi alitoa jogoo la kilio, akapakia matairi, akaondoka. Kesho yake asubuhi tulikuwa wilayani Kilosa na malalamiko yetu, na kabla mwezi haujaisha majengo yetu mawili yaliondolewa kwenye mauzo.

Sasa tazameni kibao cha mlangoni. Kina majina kumi na moja ya “waliookoa makumbusho”. Tisa kati yao hawajakaa humu muda wa kutosha popo kuwadondoshea kitu. La Bi Ziada halipo. Nimeuliza, nikajibiwa nafasi imejaa. Nafasi! Kibao nilikipachika mimi. Chini pamebaki mistari mitatu mitupu.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba ofisi imeamua kuweka dari katika jengo la korona na kuziba upenyo, eti wageni wanaotoka hoteli za Mikumi wanalalamikia harufu. Makumbusho ya popo yasiyo na popo ni banda lenye picha! Kazi inaanza tarehe 1 Julai. Mwenye kusoma kalenda ataona: wamesubiri mama huyu akabidhi funguo, wakampa siku moja.

Nimefanya utafiti wangu mdogo. Mkandarasi ni Mzaramo. Nilimpelekea Bi Ziada habari hiyo jikoni kwake, akaendelea kupepeta mchele. “Mzaramo?” akasema. “Mtani mwingine huyo. Mwanangu, nastaafu kazi, sistaafu utani.”

Bi Ziada, sisi wa ufundi, wa usafi na wa getini tunakushukuru kwa miaka yote ishirini na tisa. Mkeka wako nimeuweka nyuma ya mlango, na jina lako nitalichonga mwenyewe kwenye ile mistari mitupu. Tunakutakia afya, mavuno na mapumziko marefu, kuanzia tarehe 2 Julai.

Fortunatus, fundi wa majengo