Nyayo Juu ya Nyumba ya Barafu

Baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi, Bwana Torquil Geddes, mwashi wetu hapa kwenye shamba la Balvarran, anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2014. Wasifu huu nilikwisha kuuandika mwezi wa nne. Nimeuchana nikauandika upya, na hata sasa sijatulia.

Torquil alikuja akiwa na miaka ishirini na sita, na buti za namba arobaini na saba ambazo duka la mjini lilikuwa likimwagizia yeye peke yake. Amejenga upya kuta zote za bustani na kugombana na mameneja wanne. Lakini sifa yake kuu ni nyumba ya barafu, ghala ambamo wavuvi wa hapa huhifadhi samaki wao.

Machi 1981 kuba lake la matofali, lililozikwa ubavuni mwa kilima, lilivuja. Barafu ikaanza kuyeyuka, samaki aina ya samoni wakaoza, na wavuvi saba wakawa roho mkononi. Torquil akaamua kulifunika kwa njia ya wazee: tabaka za udongo wa mfinyanzi, uliokanyagwa kwa miguu mitupu mpaka usipitishe maji. Alizungushia turubai siku tisa, akakataza mtu kusogea. Tulimtania kwamba anafanya uganga. Halijavuja tena hata tone, naye akapewa nishani.

Mwezi uliopita tulibandua nyasi ili kukagua mizizi. Nilishika kichwa. Udongo ulijaa nyayo ndogo, mamia kwa mamia, na hakuna hata moja iliyokaribia mguu wa Torquil. Kando ya nyayo hizo palikuwa na vishimo vya mkongojo.

Tulimgeukia, masikio yake yakawa mekundu. Aliyejibu ni mkewe, Bi Ishbel, aliyekuwa ametuletea skoni, vimkate vyetu vya chai vya kila Ijumaa: "Kifundo chake cha mguu kimevunjika, na barafu inayeyuka! Mlitaka nikae nimwimbie?"

Meneja wa wakati ule angejua kwamba fundi ameumia, wangepoteza kazi na nyumba pia. Basi alikanyaga yeye, theluji ikiwa bado chini, huku mumewe akichechemea pembeni. Nishani ilipokuja, ni mke huyo aliyemkataza mumewe kusema. Miaka yote hiyo nimekula skoni zake nikimwita "mke wa fundi". Nimeona haya.

Saa ya mkononi tuliyomwandalia Torquil kama zawadi tumeirudisha kwa mchongaji aongeze jina la Bi Ishbel. Nyasi tumezipanda upya bila kugusa nyayo, na nyayo hizo bado zinazuia maji.

Bwana Torquil, ahsante kwa kuta. Bi Ishbel, ahsante kwa kuba. Tunawatakia maisha mema, na miguu ya mama ikae karibu na moto.