Salamu Nilizotumwa Shelui

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Najua desturi yetu: mtu akitoka safari hutoa kwanza salamu za kule alikotoka, ndipo aseme lililomleta mbele. Leo naomba mnivumilie. Salamu ninazo, lakini nitazitoa mwisho. Mkisikia habari yenyewe mtaelewa kwa nini.

Nilifika Shelui, mkoa wa Singida, nikitokea machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Basi liliharibika Nzega, nikakaa kando ya barabara nusu siku, kisha dereva wa lori la mchele akanihurumia. Tukavuka mbuga ya Wembere juani, vumbi limejaa mdomoni. Nilikuwa na begi moja na simu. Hiyo ndiyo mali yangu ya miaka kumi na moja.

Maana ninyi mnanijua. Niliondoka hapa Kilolo nikasema nakwenda kutafuta maisha kwa miezi mitatu. Mwanangu Baraka alikuwa darasa la kwanza. Nilipita Tunduma, nikavua dagaa Ukerewe, nikachoma mkaa Kaliua, nikaishia machimboni. Kila nilipofika, moyo ulitamani nilikotoka, na ulipotamani sana nilihama tena. Nyumbani sikupiga simu. Mwaka wa kwanza niliona aibu kwa kuwa sikuwa na cha kutuma. Miaka iliyofuata niliona aibu kwa kuwa sikuwa nimepiga.

Kule machimboni mtu mmoja aliniingiza kwenye kikundi cha maombi cha WhatsApp. Siku moja nikaandika: niombeeni mke wangu na mtoto wangu Baraka. Hilo lilikuwa neno la kweli. Kesho yake akaniandikia mtu nisiyemjua, Zefania, fundi wa pancha wa Shelui. Akauliza, mama Baraka anaendeleaje? Nikajibu, hajambo.

Ndugu zangu, uongo wangu ulianzia kwenye neno hilo moja. Aliuliza kila siku, nami nikajibu kila siku. Nikamwambia leo mama Baraka amepika viazi na maharage, leo ukungu haujatoka bondeni, mbwa wetu amefukuza kuku wa jirani, Baraka bado yuko shule ya msingi. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai kwenye tope, lakini nikiandika nilisikia baridi ya nyumbani. Sikuwa namtapeli. Sikuwahi kumwomba hata senti. Nilitaka tu awepo mtu mmoja duniani anayeamini kwamba mimi nina nyumba. Naye aliamini. Miaka mitatu, kila alfajiri, aliwaombea mke wangu na mwanangu kwa majina.

Machimbo yalipofungwa nikasema nitamfuata rafiki yangu, nikae kwake kidogo, kisha niende mbele.

Nilimkuta kitandani. Mtu aliyekuwa akinitumia sauti nzito ya kucheka alikuwa amebaki mifupa, figo zimechoka. Mkewe, mama Zipora, alinipokea begi akasema, "Alikataza nisikwambie, shemeji. Alisema utaogopa kuja."

Zefania alitazama nyuma yangu, mlangoni, kama anayesubiri wengine waingie. "Mdogo wangu, umekuja peke yako? Shemeji yuko wapi?"

"Amebaki na shule ya mtoto, kaka."

Jumapili nikaenda kanisani kwao. Wageni tukaambiwa tusimame. Nikasimama, nikasema natoka Kilolo, kanisa la Kilolo linawasalimu. Wote wakaitikia, tumezipokea. Mzee wa kanisa akasema, "Nasi ukirudi uwasalimu." Kanisa zima wakainua mikono, wakanipungia, hata watoto. Ndugu zangu, hakuna mtu hapa aliyekuwa amenituma. Wengine mlidhani nimekufa.

Wiki ile hali ya Zefania ikawa mbaya. Siku ya Jumanne akaniambia, "Mpigie shemeji. Nataka nimsikie sauti kabla sijaondoka." Nikatoka nje, nikasimama kati ya matairi mabovu, nikarudi nikasema hapatikani, mtandao unasumbua. Jumatano nikasema hivyo hivyo. Alhamisi mama Zipora aliweka chini bakuli la uji akaniuliza, "Mtandao gani huo, shemeji, unaosumbua mtu mmoja tu? Mbona madereva wote hapo nje wanaongea na wake zao hadi wanagombana?"

Nikakaa chini kwenye sakafu. Nikawaambia yote.

Zefania alijigeuza kunitazama. Kisha akauliza, "Kwa hiyo na yule mbwa umemtunga?"

"Mbwa alikuwepo, kaka. Sijui kama bado yupo."

"Baraka ulimwacha darasa la ngapi?"

"La kwanza."

"Miaka kumi na moja." Alikuwa anahema kwa shida. "Nami kila alfajiri namwombea afaulu mtihani wa darasa la saba. Ndugu yangu, mtoto huyo ana ndevu."

Sijawahi kupigwa na neno kama nilivyopigwa na hilo. Kichwani mwangu mtoto hakuwa amekua. Nilikuwa nimemweka pale pale na kaptula yake ya shule, anisubiri nimalize kuzunguka.

Jioni ile ile Zefania aliniita tena. "Salamu ulizotoa kanisani, nani alikutuma?"

"Hakuna, kaka."

"Basi Jumapili kawaambie. Nitakuwa nasikiliza." Sikupata nafasi ya kumwomba msamaha vizuri. Ijumaa asubuhi alifariki. Jumamosi tukamzika, nami nilikuwa mmoja wa waliochimba kaburi.

Baada ya mazishi nilifunga begi langu. Barabara ile ina malori ya kila upande, na dereva mmoja wa Kahama aliniita, "Haya panda, mzee, unangoja nini?" Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya lori. Mimi nimepanda ngazi za namna hiyo maisha yangu yote bila kufikiri. Siku ile nilishindwa kuuinua mguu wa pili. Wengine wataita uchovu. Mimi nasema ni Bwana aliyenishika, maana nguvu za kubaki mahali sikuwahi kuwa nazo. Nikashuka.

Jumapili nikasimama bila kuitwa. Nikawaambia salamu zile zilikuwa za uongo, sikutumwa na mtu, na nyumbani niliwatupa watu wangu. Nikasikia bati likilia kwa jua. Nilingoja watu wanizomee. Ndipo bibi mmoja wa benchi la mbele, bibi Eliwaza, akasema bila kusimama, "Mjukuu wangu, za kwako zilikuwa za uongo. Zile tulizokupa sisi zilikuwa za kweli. Umezipeleka wapi?"

Jibu lake lilikuwa ni safari.

Niliondoka Shelui Jumatatu, sikurudi tena machimboni wala ziwani. Mama Zipora alinisindikiza hadi kwenye basi na dumu la mafuta ya alizeti ya shamba lao, lile Zefania aliloagiza liwekwe kwa ajili ya mama Baraka. Alisema, "Mpe mwenyewe mkononi. Asipopokea, liweke mlangoni, usibishane naye." Basi lilipopanda milima ya Sekenke, kwa mara ya kwanza sikujiuliza mbele kuna nini. Nilikuwa nakujua ninakokwenda, na nilikuwa naogopa.

Dumu hilo liko mlangoni kwa mwenyewe hadi leo. Halijaingizwa ndani, wala halijatupwa. Sidai zaidi. Namshukuru Mungu kwa hilo peke yake. Na wewe mwenye mtu wako huko mbali, au uliye mbali wewe mwenyewe, mtumaini Bwana, upige simu leo, kabla mtoto hajaota ndevu.

Sasa naomba, kwa desturi yetu, nitoe salamu. Natoka Shelui. Kanisa la Shelui linawasalimu. Safari hii, ndugu zangu, nimetumwa.