Mluzi wa Jumapili Saa Kumi

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja nanyi wanachama wa redio ya ridhaa mliowahi viti vya mbele, historia hii, kwa niaba ya familia, inasomwa na mdogo wa marehemu, ambaye wengi wenu mnamwita Mdogo wake Antena, kwa kuwa katika karibu miaka sabini hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina lingine.

Antena mwenyewe, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 3 Mei 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu fundi cherehani, na mdogo wake akamfuata tarehe 20 Januari 1954, katika chumba hicho hicho na, kwa maelezo ya marehemu mama, juu ya shuka zile zile. Antena alianza shule mwaka 1960, akawa wa kwanza darasani miaka yote, kisha akasomea ufundi wa simu kuanzia Januari 1971 hadi Desemba 1973, na mdogo wake akavaa sare zake, akasoma vitabu vyake, na kila mwalimu aliyemwona alianza kwa kumwuliza kaka hajambo.

Tarehe 1 Machi 1974 aliajiriwa kuwa fundi wa mitambo ya simu, katika jengo la ghorofa mbili nyuma ya soko, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 3 Mei 2012, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Tarehe 18 Agosti 1979, ndugu hawa wawili walikaa chumba kimoja kufanya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, ile ruhusa ya mtu kuzungumza hewani kwa mapenzi tu, Antena akafaulu, mdogo wake akaanguka kwa alama mbili. Marehemu akapewa jina lake la mwito, yaani zile herufi na tarakimu ambazo mwenye leseni hujitambulisha nazo na hakuna mwingine duniani mwenye nazo, na jina lililofuata kwenye orodha, ambalo lingekuwa la mdogo wake, likaenda kwa mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye yuko hapa, na ambaye msomaji hana kinyongo naye tena. Mdogo mtu alirudia mtihani mwaka 1981, akaanguka tena, akajiliwaza kwamba aliyempa kaka yake kiti ndiye aliyempa yeye kumbi, lakini ukweli usemwe, kumbi lilimchoma.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980 na shemeji yetu huyu mnayemwona, wakajaliwa watoto watatu. Msomaji naye alioa, mwaka 1983, na siku hiyo vipaza sauti vilipozimika, Antena alivua koti, akavitengeneza kwa dakika nne, akapigiwa makofi kuliko bwana harusi. Binti wa pili wa marehemu alipata leseni akiwa na miaka kumi na mitano, kwa jaribio la kwanza, na baba yake mdogo akampongeza, akarudi kwake kichwa kikimuuma.

Mwaka 1991 chama kilisimika ripita, ule mtambo wa mlimani unaopokea sauti dhaifu na kuirusha mbali, na Antena akapewa kazi ya kusoma taarifa zake kila Jumapili saa kumi jioni, nani kafaulu mtihani, leseni ya nani inakaribia kuisha, betri za mlimani zikoje. Mwaka uliofuata aliunda redio mbili kwa mikono yake, ile nzuri akabaki nayo, na ile ya kwanza, ambayo kila ikibonyezwa hutoa mluzi mwembamba kabla ya kutulia, akampa mdogo wake asikilizie tu mpaka apate leseni, kwani mdogo siku zote hupewa kilichobaki.

Sasa lisemwe lile ambalo msomaji amelibeba tangu juzi. Jumapili tarehe 9 Februari 1997, Antena akiwa katikati ya taarifa na wenzake wakimsifia, kulisikika mluzi, kisha sauti yake ikafunikwa kabisa, na kwa miaka ishirini na nne iliyofuata jambo hilo lilijirudia mara nyingi, nanyi mlitaka kwenda na antena za kusakia mpaka mlango wa mhalifu. Marehemu aliwazuia, akawaambia ni kasoro ya mtambo, akapanda mlima mara mbili na mkoba wa vifaa kutengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Kikulacho ki nguoni mwako, mhalifu alikuwa akiishi chini ya mlima huo, na ndiye anayesoma karatasi hii, mtu aliyemfunika kaka yake kwa redio aliyoundiwa na kaka huyo huyo, asifikirie kwamba fundi huitambua kazi yake.

Machi 2021 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, tarehe 15 Juni mwaka huo akatolewa kisanduku cha sauti, akaendelea kutoa taarifa kwa kugonga alama za Morse, zile nukta na vistari, na mluzi ukakoma, kwa sababu hakukuwa tena na sauti ya kuionea wivu. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa shemeji.

Alhamisi msomaji alikwenda kwa shemeji kutafuta tarehe za historia hii, akapewa daftari la mawasiliano la marehemu, ambamo wenye leseni huandika kila wanayemsikia, na hapo tarehe 9 Februari 1997 pameandikwa: mdogo wangu yupo hewani, mzima. Imeandikwa hivyo mara mia moja na sita, msomaji amezihesabu, na baada ya ule upasuaji pameandikwa: Jumapili ya tatu bila mluzi, nimtume mke wangu akamwulize kama anaumwa. Shemeji alikuja kweli, msomaji akamjibu kwamba hajambo, na hakwenda kumwona kaka yake hata wiki ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani walioleta maji na viti, mafundi wenzake wa simu, na chama chake, ambacho leo saa kumi jioni kitaliita jina lake la mwito mara tatu, na kwa desturi hakuna anayejibu. Msomaji anaomba mara hii desturi ilegezwe kidogo, na binti wa marehemu, mwenye leseni, amekubali kusimama pembeni kama sheria inavyotaka kwa asiye nayo, kwa hiyo mkiusikia mluzi baada ya mwito wa tatu, msimsake mtu, andikeni tu kwamba yupo, mzima.

Lala kwa amani, kaka, sitakufunika tena.