Neno Ambalo Brashi Hakupewa

Wasikilizaji wapendwa, leo sina kichekesho. Brashi hatunaye. Mchekeshaji wetu Brashi amefariki akiwa na miaka thelathini na moja. Tulimzika juzi, kwa hiyo mnivumilie.

Brashi alikuwa mpaka rangi. Miaka saba iliyopita alikuja kupaka ukuta wa studio hii, akatuchekesha mpaka fundi mitambo wetu akasahau kurusha taarifa ya habari. Nikamwuliza, "Umejifunzia wapi?" Akajibu, "Kwa Kiraka na Shoti. Ila wenyewe hawajui."

Kiraka na Shoti ni wale wazee wawili waliotuvunja mbavu tangu utotoni. Wiki ile walikuwa na onyesho la mchana. Nikaenda na Brashi, na lilipokwisha nikampitisha mlango wa nyuma. Ni mimi niliyempitisha. Hilo silisahau.

Chumbani mlikuwa na kioo kimoja na viti viwili. Kiraka anajifuta poda usoni. Shoti ameloweka miguu kwenye beseni. Brashi, mtu wa maneno mengi, akabaki anaficha kucha zake zenye rangi.

"Shikamooni, wazee. Nataka kujua mnafanyaje."

"Marahaba. Kaa kwenye hiyo ndoo, mwanangu," akasema Shoti. "Kwanza, uso mkavu. Ukicheka wewe, watu watacheka nini?"

"Na kichekesho kipya," akadakia Kiraka, "kijaribu kwa mtu mmoja asiyejua kuwa ni kichekesho. Mpigie simu, mwambie sitanii. Akiamini, kimeiva."

Mtu huyo mmoja akawa dada yake Brashi, mpishi wa shule. "Dada, nimekwama kwenye lifti na jeneza, sitanii." "Dada, nimepaka rangi nyumba siyo, wenyewe wamerudi, sitanii." Mwaka wa kwanza dada alihangaika, akamtukana, akacheka. Baadaye hakudanganyika tena. Akawa mkaguzi: hiki kizuri, hiki kimedoda. Kila kichekesho cha Brashi mlichokisikia hapa kilianzia sikioni kwa dada yake.

Jumanne iliyopita, saa sita mchana, Brashi alikuwa peke yake akipaka dari ya nyumba isiyo na watu. Ngazi ikateleza. Akaanguka. Akampigia dada yake.

Dada ameniruhusu niwasomee maneno yake. "Aliniambia, 'Dada, nimeanguka, miguu siisikii, sitanii.' Nilikuwa nawapakulia watoto. Nikamwambia, 'Mwanzo mzuri, mwisho umepwaya. Jipange, unipigie saa tisa.' Halafu akacheka, akasema, 'Sawa, dada.' Miaka yote saba hakuwahi kucheka kabla yangu. Ningepaswa kujua palepale."

Saa tisa simu haikulia. Saa kumi dada alipiga yeye, haikupokewa. Mlinzi wa jirani ndiye aliyemkuta, jioni, amekwisha kufa.

Makaburini Shoti alinivuta pembeni. "Mimi na Kiraka tuna neno letu," akasema. "Mwavuli. Mmoja wetu akisema mwavuli, utani umekwisha, kuna jambo. Tumelitumia mara mbili tu maishani. Siku ile tulimpa kijana kila kitu, hilo hatukumpa. Gari lenu lilikuwa nje linapiga honi, tukaona tutampa siku nyingine."

Nami nilikuwepo, wasikilizaji. Nilimharakisha Brashi atoke.

Mama yake Brashi, dada yake Brashi, pokeeni pole zetu sote wa studio hii, na pole za kila nyumba aliyoichangamsha. Dada, hukumuua ndugu yako. Nakuomba ulisikie hilo kwa sauti yangu.

Nanyi mnaonisikiliza, mna mtani nyumbani. Kila nyumba ina mmoja. Leo kaeni naye mchague neno lenu, lolote lile, ambalo hamtalichezea kamwe.

Sasa ni saa tisa kasoro dakika moja. Dada yuko kazini, amewasha redio, simu ameiweka mezani mbele yake. Anasema ataiweka hapo kila siku, saa hii. Tunyamaze naye.