Walioomba Macho Wazi

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Novemba, mwaka 1998. Nairobi imeamka na manyunyu. Njia za mtaa wa Mowlem zimejaa tope, na mabati bado yanadondosha maji. Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Asenath Luseno, mama Triza, mkalimani wa viziwi wa Mowlem. Ametuacha wiki hii kwa homa ya mapafu.

Asenath alikuwa mwoga. Kaka yake, Shiundu, hafichi. "Dada yangu aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa hata kuitwa jina mbele za watu," ameniambia. "Na huyo ndiye ambaye Mungu alimsimamisha mbele ya kanisa zima."

Alifanya kazi katika kiwanda cha biskuti. Triza, binti yake wa pekee, alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mdogo, baada ya homa kali. Basi jioni, akitoka kiwandani, Asenath alikwenda darasani kujifunza lugha ya ishara, mikono ikiwa bado inanukia sukari. Alisahau, akaanza upya. Alisahau tena. Alipoweza, akaanza kumfasiria Triza mahubiri katika kanisa lao la mabati pale Mowlem. Viziwi wengine wakapata habari. Wakaja kwa miguu kutoka Dandora, na hata Mathare.

Hofu ya watu ilianzia hapo. Wasikilizaji wapendwa, kiziwi hawezi kufuata maombi akiwa amefumba macho. Akifumba, haoni mikono ya mkalimani. Kwake maombi yamekwisha. Kwa hiyo kanisa zima lilipofumba macho, benchi la viziwi lilibaki macho wazi, na Asenath mbele yao, mikono yake ikienda mbio.

Mzee wa kanisa mmoja, Ng'ang'a, fundi wa mbao, akawaona. Huo ulikuwa mwaka wa 1994. Mtaani gumzo lilikuwa la waabudu shetani, na watoto walikatazwa kupokea peremende kwa mgeni. Ng'ang'a hakuwauliza wenyewe. Alinong'ona tu kwa wenzake: "Wale hawafumbi macho. Na zile ishara ni za nini?"

Jumapili iliyofuata, Asenath alipotoka na viziwi wake, vijana walikuwa wamezingira lango. Wengine walishika mawe.

"Mathe, hao mashetani umewatoa wapi?" mmoja akauliza.

Triza hakusikia, lakini aliyaona mawe. Akamuuliza mama yake kwa mikono: wanasema nini? Asenath alishindwa kumfasiria. Kila alipoinua mkono kumjibu, wale vijana walirudi nyuma kidogo, kisha wakasogea zaidi. Akaiteremsha mikono yake. Alisema baadaye kwamba aliomba neno fupi tu: "Bwana, tufiche."

Ng'ang'a akapaza sauti kutoka mlangoni. "Wanaomba macho wazi! Nimewaona mimi mwenyewe!"

Wangeci, muuza mboga wa pale langoni, akaangua kicheko. "Haiya, Ng'ang'a! Uliwaona ukiwa umefumba yako?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja akaliacha jiwe lake lianguke. Hapo ndipo Asenath alipopata sauti. "Huyu ni mwanangu. Hasikii. Mkimfumba macho, mmemtoa kanisani."

Hofu haikumwacha siku ile. Kwa muda mrefu alitembea akitazama nyuma. Lakini Jumapili ilipofika, alikuwa pale mbele. Mchungaji akalihamisha benchi la viziwi likae karibu na dirisha, penye mwanga. Na mwaka huu, wasikilizaji wapendwa, makanisa mengine ya Eastlands yamewaleta watu wao wafundishwe na Asenath. Zahanati ya jirani ilianza kumwita Asenath kila mara mama kiziwi alipokuja kujifungua. Haya ni mambo ya juzi tu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Na ni nani aliyekuwa wa kwanza kuomba kufundishwa? Ng'ang'a. Msumeno ulimkata kidole cha shahada zamani, kwa hiyo ishara zake zina pengo. Viziwi humtania kwamba ana kigugumizi.

Kwa Triza, kwa Shiundu na kwa ukoo wote wa Luseno: poleni sana. Mungu awashike mkono. Nawe unayenisikiliza, jiulize leo. Katika ibada yenu, kazini kwenu, mezani kwenu, ni nani anayeketi pale bila kujua kinachosemwa?

Nimalizie na ya jana, kwenye ibada ya kumuaga. Jeneza liliwekwa mbele, mahali alipokuwa akisimama mwenyewe. Triza alikuwa kwenye benchi la dirishani. Mchungaji akasema, "Tuombe." Watu wakafumba macho. Triza akatazama mbele. Hapakuwa na mtu. Akaona midomo tu ikimwombea mama yake, asijue inasema nini. Shiundu, aliyekuwa kando yake, anasema mpwa wake aliushika ukingo wa benchi kama mtu anayezama.

Ndipo Ng'ang'a akatoka kwenye kiti chake, akaenda kusimama kando ya jeneza.

"Mchungaji, niwie radhi. Ngoja kidogo. Nyinyi nyote, fumbueni macho, muwe mashahidi wangu."

Akamgeukia Triza. Akasema kwa sauti, na kwa mikono ile yenye kigugumizi, polepole, mpaka akamaliza:

"Triza, mwanangu. Kila Jumapili ambayo Mungu atanipa, nitasimama hapa. Na watu wakiomba, mimi sitafumba macho."